Mkopo Unapoiva Ukiwa Bado Darasani: Niliyojifunza Nikisomea Uwakili Nairobi

Karo siyo iliyonitesa zaidi nilipokuwa nikisomea uwakili. Karo unaijua mapema. Imeandikwa kwenye barua ya kukubaliwa, na familia huanza kuitafuta kabla hujafunga sanduku. Kilichonitesa ni tarehe. Deni la chuo kikuu lilikuwa linaiva, mkopo wa sacco alionichukulia mama ulikuwa umeanza kukatwa kwenye mshahara wake, mwenye nyumba alitaka kodi kila mwanzo wa mwezi, na siku ya kupokea mshahara wangu wa kwanza haikuwa kwenye kalenda yoyote. Naandika haya kwa ajili ya wanaomaliza shahada ya sheria sasa na kujiandaa kwenda Karen, Nairobi, iliko shule ya mafunzo ya uwakili, ingawa naamini hata anayesomea uhasibu au udaktari atajiona humu.

Nianze na HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, kwa sababu ndipo wengi tunapoanzia. Tuliosoma kwa mkopo tunaijua HELB kama mahali pa kuomba: fomu, wadhamini wawili, mihuri, kisha pesa zikiingia mnashukuru Mungu nyumba nzima. Masharti ya kulipa yamo kwenye makaratasi yaleyale tuliyotia sahihi, ila miaka minne ya chuo ni mingi na ni nadra mtu kuyarudia. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukikwama baada ya hapo, faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Sasa yaweke masharti hayo kando ya safari ya mwanasheria. Unamaliza mtihani wa mwisho wa shahada, unangoja mahafali, unaomba nafasi Kenya School of Law (KSL), hiyo shule ya Karen, unangoja masomo yaanze. Mwaka umeisha. Ndipo unaingia katika mafunzo ya miezi 18: mwaka wa masomo na mitihani, halafu miezi sita ya uanagenzi katika ofisi ya wakili. Mkopo unaiva wakati uleule ambao huna pa kuchumia, na ratiba ya Karen haikuachii saa za kufanya kibarua cha maana. Masomo ni tisa, kazi za vikundi hazikatiki, na wikendi huliwa na maandalizi.

Nilipokuwa naingia KSL deni langu la HELB lilikuwa kama laki mbili. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Riba ya mwaka mzima: shilingi 8,000. Faini ya mwaka mzima nisipolipa chochote: shilingi 60,000. Niliirudia hesabu hiyo ingawa ni rahisi, kwa sababu sikutaka kuamini kwamba adhabu ya kunyamaza inaweza kuizidi riba mara saba na zaidi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayenisikiliza kwamba mkopo wa HELB ni wa bei nafuu kuliko karibu mkopo wowote utakaoupata Nairobi, na kinachoufanya ghali ni ukimya wa mwenye kudaiwa.

Nilikwenda ofisini kwao, Anniversary Towers, University Way. Ukiwa mbali na katikati ya jiji, vituo vya Huduma navyo vina dawati lao. Nilibeba barua ya kukubaliwa KSL, nakala ya kitambulisho, na barua yangu ya ukurasa mmoja. Barua hiyo ilisema mambo machache tu: deni langu ni kiasi fulani, nipo masomoni hadi mwezi fulani, sina kipato, ninaweza kulipa kiasi hiki kwa mwezi, nitaongeza nikipata kazi. Sikueleza shida za nyumbani. Sikuomba kusamehewa.

Mhudumu aliisoma, akaniangalia. "Dada, wengi huja hapa faini ikiwa imeshapita deni," akasema. "Wewe umekuja mapema."

Tulikubaliana kiasi kidogo cha kila mwezi. Kuna miezi ambayo hata hicho kidogo kilitoka kwa kaka yangu, lakini kilitoka. Nakala ya barua yangu niligongewa muhuri wa kupokelewa, na kila kitu nikakituma tena kwa barua pepe ili pawepo rekodi yenye tarehe. Tafadhali fanya hivyo hata kama umehudumiwa kwa ukarimu. Anayekuhudumia leo anaweza kuhamishwa kesho, na makubaliano ya mdomo huondoka naye.

Kwa walio tayari ndani ya shimo la faini, kuna jambo la kujua. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kanuni ya in duplum inaihusu HELB pia. Kanuni hiyo, iliyomo katika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, inazuia riba ya deni lililokwama kupita kiasi cha deni lenyewe. Na HELB wenyewe wamekuwa na vipindi vya kupunguza au kusamehe faini kwa anayejitokeza kulipa deni kwa mkupuo. Usijenge mpango wako juu ya kungoja kipindi hicho, ila kikitangazwa wakati una pesa mkononi, kimbia.

Kuhusu wadhamini, hili lilinigusa kuliko nilivyotazamia. Mdhamini wangu mmoja ni mjomba, dereva wa lori kule Voi. Nilimpigia kumweleza kuwa nimeanza kulipa.

"Mkopo gani, mwanangu?"

"Ule wa chuo, mjomba. Ulinitilia sahihi."

Akanyamaza kidogo. "Hata nilikuwa nimesahau."

Mtu alikuwa amebeba deni langu kwa miaka bila kukumbuka, na angekumbushwa na mtu mwingine siku mambo yangeharibika. Wapigie wadhamini wako kabla ya kupigiwa na wengine.

Karo ya KSL pamoja na ada zake ndogondogo ilikaribia laki mbili. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Sacco yao hukopesha mpaka mara tatu ya akiba, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na wadhamini ni walimu wenzake. Kwa bei, mkopo wa aina hiyo ni mzuri. Kwa mwili wa mtu anayekatwa, ni kitu kingine. Mtumishi wa umma hapaswi kukatwa hadi anachobaki nacho mkononi kishuke chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na mama alifika kwenye mpaka huo kwa ajili yangu. Niliiona paslipu yake Desemba nilipokwenda nyumbani. Hakunionyesha, niliikuta kwenye meza. Nilirudi Nairobi nikiwa na uchungu ambao nilipaswa kuutafutia kazi ya kufanya, na kazi niliyoupa ni kuhakikisha hatakopa tena hata senti moja kwa sababu yangu mpaka niapishwe.

Shangazi alitaka tufanye harambee. Mama alikataa. "Watu wataitika mara moja," alisema. "Tuiache hiyo. Hatujui kesho kuna ugonjwa gani." Niliona kama anajinyima bure. Nilipofika miezi ya baada ya mtihani nilielewa thamani ya kuwa na mlango ambao bado haujabishwa, nami sasa naona alipima vizuri kuliko sisi sote.

Kwa maisha ya kila siku sitasema mengi, kila mtu ana tumbo lake. Nilipanga bedsita Rongai kwa sababu kodi ni nafuu kuliko Lang'ata, ila nauli hula sehemu ya nafuu hiyo: gari hadi Bomas, jingine hadi Karen, na mvua ikinyesha jioni makanga hutaja bei anayotaka. Piga hesabu ya kodi na nauli kwa pamoja, na nauli uihesabu kwa bei ya siku ya mvua. Suti nyeusi nilizipata Gikomba, nikampa fundi azirekebishe, na zilinifikisha hadi siku ya kuapishwa. Vitabu vya sheria usinunue vyote. Sheria za Kenya na hukumu za mahakama ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kinachogharimu ni kuchapisha, na hapo kundi zima likichanga kila mmoja hutoa kidogo. Mboga, mama mboga wa plotini alikuwa akiniandikia kwenye daftari lake nikalipa Ijumaa. Hilo nalo ni deni, na nililiandika kama deni.

Kilicho hatari kweli kimo mfukoni mwa kila mwanafunzi. Ukiishiwa saa mbili usiku, simu inakukopesha kabla hujamaliza kufikiri. Fuliza ilianza Januari 2019 na inalipa hata salio lisipotosha. M-Shwari, mkopo mwingine wa M-Pesa, ipo tangu 2012. Na nyuma yake kuna programu nyingi za mikopo, zenye leseni na zisizo nazo. Sisemi zisiguswe kamwe. Nimeona Fuliza ikimfikisha mwenzangu kwenye mtihani siku nauli ilipopanda ghafla. Ninachosema ni kwamba bei yake lazima uione kwa kipimo kilekile unachopimia mikopo mingine. M-Shwari imejulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na usipolipa siku hizo zikiisha, ada hutozwa tena. Ukikopa 3,000 unalipa 225, na kiasi hicho hakimtishi mtu. Lakini 7.5 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili ni asilimia 90. Mkopo wa sacco wa mama ulikuwa asilimia 12 kwa mwaka. Wa HELB, asilimia 4. Mtu mmoja anaweza kuwa na mikopo hii yote kwa wakati mmoja na akawa anaogopa ule wa HELB kwa sababu ndio mkubwa, huku unaomla ni ule mdogo.

Njia iliyonisaidia ni kuomba taarifa ya M-Pesa kila mwisho wa mwezi na kuipitia kwa kalamu. Nilikuwa nazungushia ada zote: za kutuma, za kutoa kwa wakala, za Fuliza. Mara ya kwanza jumla yake ilikuwa karibu sawa na chakula cha wiki nzima. Baada ya hapo nikawa natoa pesa taslimu ya wiki Jumapili, mara moja, na nauli naiweka kando kabisa.

Kulikuwa na dada mmoja kundini kwetu ambaye mama yake alilazwa katikati ya muhula. Alikopa kwenye programu moja ya simu, kisha nyingine kulipa ya kwanza, na ya tatu. Hakuwa mzembe, ndiye aliyekuwa makini kuliko sote katika kazi za kundi. Aliposhindwa, walianza kuwapigia watu walio kwenye simu yake. Walipiga kwa mchungaji wake. Walinipigia mimi, nikiwa maktaba, sauti ya mtu ikiniambia nimwambie rafiki yangu alipe, "ama tutamwaibisha". Aliacha kuja darasani kwa muda. Mtu anayejifunza kusimama mbele ya hakimu alikuwa anaogopa kuingia darasani kwa ajili ya elfu chache.

Tulikaa naye kama kundi tukafanya kile tulichokuwa tunafundishwa kufanya. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamtaka kila mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni, na zinamkataza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa ili kumshinikiza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu pa kulalamika, yaani ofisi ya Kamishna wa Data. Aliandika malalamiko, akaambatisha picha za jumbe na namba zilizopiga. Wakati huohuo alimwandikia kila mkopeshaji akitaja kiasi na tarehe atakayoanza kulipa, akaanza na wenye ada kubwa. Simu zile zilipungua, kisha zikaisha. Deni alililipa lote, taratibu. Kabla ya kukopa, angalia kama jina la kampuni limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Orodha hiyo hutangazwa hadharani.

Hapa ndipo suala la CRB linapoingia. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya kuweka rekodi za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu hulitaja jina CRB kama jela, lakini kuwa na rekodi humo si kosa, maana hata anayelipa vizuri ana rekodi. Unachokwepa ni rekodi mbaya, ambayo hukaa kwa miaka mitano hata baada ya kulipa. Kwa kanuni za mwaka 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 halikupeleki kwenye orodha mbaya, unatakiwa kupewa notisi ya siku 30 kabla ya kupelekwa, na una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe ungali mwanafunzi. Mimi yangu ilikuwa na mkopo mdogo wa simu ulioonekana haujalipwa ingawa nilikuwa na ujumbe wa kuthibitisha malipo. Nilituma uthibitisho, ukarekebishwa. Ningeligundua jambo hilo wiki ya kuomba kazi, ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Sasa niseme lile ambalo ningependa kila anayeingia Karen aliandike ukutani: panga bajeti hadi siku ya kuapishwa, si hadi siku ya mtihani. Karibu sote tulipanga pesa za mwaka wa masomo. Mtihani ukiisha unahisi umefika, na kumbe umefika katikati. Kuna uanagenzi wa miezi sita, na ofisi nyingi hazilipi, au hutoa posho inayoishia kwenye nauli na chakula cha mchana. Unatakiwa uvae kama wakili, ufike mjini asubuhi, wakati mwingine utangulie nauli ya kwenda mahakamani Milimani au Kibera ukisubiri kurudishiwa. Kuna kungoja matokeo. Alama ya kupita ni 50 kwa kila somo, na somo likikukwama kuna ada ya kulirudia na miezi ya kungoja tena. Kuna ada za maombi ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, kisha leseni ya uwakili ya kila mwaka kupitia Chama cha Mawakili. Hakuna hata moja kati ya haya linaloshangaza likitajwa peke yake. Yakija yakifuatana mtu hujikuta ana cheti mkononi na hana nauli.

Nilichofanya ni kugawa pesa yote niliyokuwa nayo kwa miezi yote hadi kuapishwa, nikaongeza miezi kadhaa ya ziada kwa ajili ya kuchelewa. Kiasi cha kila mwezi kilishuka hadi nikaogopa. Lakini nilikiona kingali mapema, nikiwa na uwezo wa kuhama chumba, kupunguza safari za Voi, na kuomba kazi ya kuhariri nyaraka wakati wa likizo. Sehemu ya miezi ya mbele niliiweka kwenye mfuko wa uwekezaji ambao ukiomba pesa zako huchukua siku kadhaa kufika. Ule ucheleweshaji ndio ulionifaa. Usiku wa tamaa ulikuwa unapita kabla pesa hazijaingia.

Ofisi ya uanagenzi nayo ulizia pesa kabla ya kukubali. Tulilelewa kuona kuuliza malipo ni utovu wa adabu, hasa mbele ya mtu aliyekutangulia katika kazi. Mimi nilisema, "Wakili, naomba kujua kama kuna posho ya nauli, ili nijipange." Hakukasirika. Alitaja kiasi, kikiwa kidogo, nami nikajua.

Ukianza kutafuta kazi, hasa serikalini, utadaiwa vyeti: cha KRA (mamlaka ya ushuru), cha tume ya maadili, cha polisi, cha CRB na cha HELB. Cha polisi ni shilingi 1,050 na alama za vidole. Cha HELB hakihitaji uwe umemaliza deni. Anayelipa bila kukwama hupewa cha kuthibitisha kwamba anatimiza masharti. Kile kiasi kidogo nilichokuwa nikilipa tangu Karen ndicho kilichonipa cheti hicho. Tuliokuwa tunaomba kazi pamoja, wawili walikwama hapo wakihangaikia faini.

Mwajiri anatakiwa na sheria kukukata malipo ya HELB na kuyawasilisha. Usiishie kwenye paslipu. Fungua akaunti yako ya HELB baada ya mwezi wa kwanza na wa pili wa kazi uone kama pesa zimeingia, kwa sababu makato yanaweza kuonekana kwenye paslipu na yasionekane kwa mkopeshaji, na faini itahesabiwa kwa jina lako. Mimi niliiangalia, nikakuta mwezi mmoja haupo, nikampelekea mhasibu wa ofisi nakala zote mbili. Mwezi uliofuata malipo hayo yalikuwa yameingia.